Tafuta Ua Linapojirudia: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Nyumba ya William Morris, London

Mara ya kwanza nilikwenda Jumatatu. Nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha mwisho, nikatembea robo saa kwenye manyunyu, nikakuta mlango umefungwa na bata wanaogelea nyuma ya nyumba bila habari na mtu. Basi tuanze na hilo: Jumatatu pamefungwa. Jumanne hadi Jumapili hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, na kiingilio ni bure. Kama ni siku ya sikukuu, angalia kwanza tovuti yao.

Ninayoisema ni William Morris Gallery, iliyoko Forest Road, Walthamstow, kaskazini mashariki mwa London. Huenda jina la Morris hulijui lakini kazi yake umeshaiona: yale majani yanayojipindapinda na ndege wenye madoadoa, kwenye vikombe, mito ya makochi, makava ya simu na madaftari. Alizaliwa Walthamstow hapohapo tarehe 24 Machi 1834, akafariki mwaka 1896, na katikati hapo alichora nakshi za karatasi za ukutani na za vitambaa, akafuma mazulia, akatia nyuzi rangi, akatunga mashairi, akachapa vitabu, tena akawa anasimama kwenye kona za barabara kuhubiri usoshalisti. Yote hayo enzi za Malkia Victoria.

Nimeshawapeleka pale wageni kadhaa kutoka nyumbani. Anayesoma maelezo yote ukutani, kuanzia chumba cha kwanza mpaka cha mwisho, hutoka amechoka na miaka imemchanganyikia kichwani. Anayeganda mbele ya kitambaa kimoja kwa dakika 20 hutoka ana la kusimulia. Mwongozo huu nimemwandikia huyo wa pili.

Kabla ya kutoka nyumbani

Tenga saa mbili. Asubuhi za katikati ya wiki pametulia, isipokuwa ukiangukia siku ya wanafunzi. Mwishoni mwa wiki familia za mtaani hujaa, kwa sababu bustani iko hapohapo nyuma.

Chukua penseli na karatasi mbili tatu. Penseli, wala si kalamu ya wino. Makumbusho mengi hayataki wino karibu na vitu vya kale. Chukua na miwani ya kusomea kama unaitumia, maana vyumba vyenye vitambaa vina mwanga hafifu na maandishi ya maelezo ni madogo. Giza hilo lina sababu: mwanga hula rangi. Makumbusho duniani kote hujaribu kuweka vitambaa vya kale kwenye mwanga usiozidi kama luksi 50, na baada ya muda huvishusha vikapumzike stoo. Kwa hiyo usiende umekamia kitambaa kimoja tu ulichokiona mtandaoni. Kinaweza kuwa mapumzikoni siku hiyo.

Na kama una kanga au kitenge nyumbani, kikunje ukitie kwenye mkoba. Kitakuwa na kazi yake.

Kufika

Panda treni ya Victoria line kuelekea kaskazini, ushuke Walthamstow Central, kituo cha mwisho, huwezi kukipita. Ukitoka, shika Hoe Street kuelekea kaskazini mpaka njia panda ya Bell, kisha pinda kushoto uingie Forest Road. Jumba litakuwa upande wako wa kulia, limejitenga kidogo na barabara. Kwa miguu ni kama dakika 15. Mabasi yapo pia, ila kumbuka mabasi ya London hayapokei pesa taslimu. Unagusisha kadi ya benki au ya usafiri.

Zunguka nje kwanza

Watu wengi hupanda ngazi moja kwa moja. Wewe zunguka kwanza, nenda mgongoni mwa nyumba.

Nyumba hii ya matofali ilijengwa miaka ya 1740 na iliitwa Water House. Jina lilitokana na handaki la maji lililoko nyuma, lenye kisiwa katikati, ambamo bata wangu wa Jumatatu walikuwa wanaogelea. Morris aliishi hapa kuanzia 1848, akiwa kijana wa miaka 14, hadi 1856. Yeye na ndugu zake walivua samaki kwenye maji haya na kuteleza juu ya barafu wakati wa baridi. Ukitazama handaki lile na miti iliyoliinamia, majani yanayojipinda ukutani hutayaona tena kama kitu alichokitoa kichwani tu.

Ukiwa nje hapo jiulize pia nani alilipa. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya fedha katikati ya jiji la London, akatajirika kwa hisa za mgodi wa shaba wa Devon Great Consols. Alipofariki mwaka 1847, mjane na watoto tisa walihamia Water House kwa sababu ilikuwa *ndogo* kuliko ile waliyokuwa nayo. Hebu itazame tena ukishajua hilo. Hisa za mgodi zilimlea Morris mpaka utu uzima, na yeye mwenyewe alikuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo mpaka katikati ya miaka ya 1870. Mgodi huo baadaye ulitoa pia arseniki kwa wingi, na wanasayansi wamekuta arseniki kwenye rangi ya kijani ya karatasi zake za mwanzo za ukutani. Huyu ndiye mtu aliyekuja kupigania kazi yenye staha kwa mfanyakazi. Mimi simlaumu wala simsafishi. Nasema tu uingie ndani ukiwa na mambo yote mawili mkononi.

Baada ya akina Morris, nyumba ikawa ya Edward Lloyd, mchapishaji wa magazeti, na ndiyo sababu bustani inaitwa Lloyd Park. Ukoo wake uliwapa wenyeji wa Walthamstow nyumba na uwanja wake. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1950 na Clement Attlee, waziri mkuu wa wakati huo, na baada ya ukarabati mkubwa yakafunguliwa upya 2012. Mwaka uliofuata yakatangazwa makumbusho bora ya mwaka ya Uingereza.

Vyumba vya chini: pita, halafu simama

Vyumba vya mwanzo vinasimulia utoto, masomo ya Oxford na kuanzishwa kwa kampuni. Vipite kwa mwendo wa kawaida. Jambo moja la kushika ni kwamba alipofika Oxford mwaka 1853 alikutana na Edward Burne-Jones, na wawili hao wakawa kama chanda na pete mpaka kifo. Burne-Jones alikuwa akimchora Morris vikatuni vya utani, mnene, nywele timutimu. Ukibahatika kukuta kimoja, cheka, kisha endelea.

Ukifika kwenye nakshi, simama. Chagua moja tu. Napendekeza Strawberry Thief ya mwaka 1883 ikiwa imetundikwa: ndege na matunda ya stroberi juu ya buluu nzito. Morris aliwaona ndege hao wakiiba matunda yake bustanini, kwenye nyumba yake ya mashambani ya Kelmscott.

Sasa fanya hivi. Chagua kitu kidogo kisichokupotea, kama jicho la ndege mmoja. Pandisha macho taratibu mpaka ulikute jicho lilelile tena, ndege yuleyule, jani lilelile mgongoni. Umbali huo ndio urefu wa nakshi. Rudi ulipoanzia, sasa tembeza macho pembeni mpaka ulikute tena. Huo ndio upana. Kile kipande ulichokipata ndicho alichokichora Morris. Vingine vyote ni marudio. Kisha uliza: kipande cha pembeni kimekaa usawa na cha kwanza, au kimeshuka nusu? Na je, ndani ya kipande chenyewe, upande wa kulia ni kivuli cha wa kushoto?

Mimi hesabu hii nilifundishwa na shangazi yangu, na kitabuni sikuikuta. Ameshona nguo Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka 30. Alipokuja kututembelea nilimpeleka, nikawa namweleza habari za Morris kwa mbwembwe. Akanisikiliza kwa adabu, huku macho yako kwenye kitambaa.

“Mwanangu,” akanikatiza, “huyu bwana kachora nusu. Nusu ya pili kaipindua. Tazama ndege, huyu na huyu, kama mtu na kioo.”

“Kweli, shangazi.”

Akanyoosha mkono hewani, bila kugusa, akapima kwa shubiri. “Maua yake makubwa. Mteja akiniletea hiki anataka gauni, namwambia aongeze kitambaa. La sivyo hapa begani ndege anabaki hana kichwa.”

Mlinzi wa chumba alikuwa anatutazama. Nikadhani atatuonya kwa kusogea karibu, kumbe alitaka tumtafsirie.

Hapo toa kanga yako na kitenge. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, mji katikati na jina lake. Ni kitu kilichokamilika, kina mwanzo na mwisho. Kitenge hakina mwisho, ua linajirudia mpaka fundi akate. Morris ni wa ukoo wa kitenge. Kazi yote aliyojitesa nayo ilikuwa kuficha mshono, mteja akae chumbani miaka 10 asiuone mstari ambapo karatasi moja inaisha na nyingine inaanza. Ukishaweza kuuona mshono huo, umeshapata ulichokifuata.

Ukimaliza kutazama, chora. Usichore ndege, chora mashina tu, ile mistari inayojipinda inayobeba kila kitu. Mistari minne mitano inatosha. Utashangaa jinsi mifupa ya nakshi ilivyo michache chini ya nyama yote ile.

Vibao na rangi

Makumbusho haya yanaonyesha pia namna kazi ilivyofanyika, na sehemu hii usiiruke. Kila rangi ilikuwa na kibao chake cha mti kilichochongwa. Mchapaji alikichovya kibao kwenye rangi, akakibandika, akakigonga, akasogea kipimo kimoja, akaanza tena. Akimaliza rangi moja, zikauke, aje na kibao cha pili. Karatasi ya ukutani iitwayo Acanthus, ya mwaka 1875, ilihitaji vibao 30. Sogea karibu kadiri unavyoruhusiwa, utafute mahali ambapo rangi imevuka mstari kwa unywele mmoja. Ukikipata, hapo umemwona mchapaji, mtu ambaye jina lake halimo popote chumbani.

Rangi zenyewe ni kisa. Morris alikuwa kijana wakati rangi za viwandani zilipoanza kutamba baada ya 1856, angavu na rahisi, lakini nyingi zilichujuka vibaya. Hakuzitaka. Katikati ya miaka ya 1870 akaenda mji wa Leek, kwenye karakana ya mtia rangi Thomas Wardle, akajifunza upya kazi ya mapipa: nyekundu ya mizizi ya madder, njano ya mmea uitwao weld, na buluu ya nili, ileile nili tuliyonayo kwenye Kiswahili. Mikono yake ikawa ya buluu mpaka watu wakawa wanamtania.

Strawberry Thief ilitengenezwa kinyume na unavyodhani. Kitambaa chote kilitumbukizwa kwanza kwenye nili kikatoka buluu. Kisha wakachapa dawa ya kung'arisha mahali palipotakiwa pawe peupe au buluu hafifu, wakaosha, ndipo wakarudi na nyekundu na njano juu ya pale palipotolewa buluu. Yale majani ya kijani ni njano iliyopita juu ya buluu hafifu. Ilichukua siku nyingi, kwenye karakana yake ya Merton Abbey kando ya mto Wandle, alikohamia 1881, na bei ya kitambaa ikawa juu. Mtu aliyetaka uzuri uwafikie wote aliishia kuwauzia matajiri. Hilo lilimkera mwenyewe kuliko lilivyowakera maadui zake.

Likiwepo, litafute pia Woodpecker, zulia la ukutani la 1885 lenye urefu wa karibu mita 3: mti, matunda, na ndege anayegonga magome ambaye kwenye hadithi ya kale alikuwa mfalme, akarogwa.

Wenzake

Ukiona maandishi “Morris & Co.”, usisome “Morris” peke yake. Kampuni ilianza mwaka 1861 na washirika saba, wakiwemo Burne-Jones, mchoraji Dante Gabriel Rossetti, Ford Madox Brown na msanifu majengo Philip Webb. Kwenye karatasi ya Trellis, ile ya uzio wa mbao na mawaridi, mimea ni ya Morris lakini ndege ni wa Webb. Vigae vya William De Morgan navyo vina mahali pake. Rangi zake zinang'aa kama mgongo wa samaki aliyetoka majini sasa hivi.

Halafu wanawake. Jane, mkewe, alikuwa binti wa mtunza farasi wa Oxford. Watu humjua kwa uso wake, kwa sababu Rossetti alimchora bila kuchoka, na mambo mengi yamesemwa kuhusu wawili hao. Mimi hutazama tarizi zake. Binti yao May ndiye ninayemwona amepunjwa zaidi. Alipewa idara ya kutarizi ya kampuni mwaka 1885 akiwa na miaka 23, akachora karatasi ya Honeysuckle iliyovuma, na kwa muda mrefu watu wakaidhania kazi ya baba yake. Kila ukikuta kitu kilichotariziwa, soma jina mara mbili.

Ghorofani

Kuna lifti kwa asiyeweza ngazi. Juu kuna mambo mawili ya kufuata. La kwanza ni vitabu. Mwaka 1891 Morris alianzisha Kelmscott Press, karakana yake ya kuchapa vitabu, akabuni herufi zake mwenyewe, na kazi kubwa kuliko zote ikawa kitabu cha mashairi ya Chaucer, mshairi wa kale wa Uingereza, chenye picha 87 za Burne-Jones. Kilikamilika 1896, miezi michache kabla hajafa. Tazama ukurasa ulivyopangwa: kurasa mbili zinazotazamana zimehesabiwa kama kitu kimoja, kama mabawa.

La pili ni mkoba wake wa ngozi, aliokuwa akibebea vijarida vya siasa. Umechakaa. Baada ya ndege na maua yote yale, mkoba ule mchafumchafu ndio ulionigusa zaidi, sijui kwa nini.

Frank Brangwyn, msanii aliyefanya kazi kwa Morris akiwa kijana na baadaye kutoa mali nyingi kwa makumbusho, ana kazi zake pia. Ukiwa umechoka, mruke bila dhamiri kukusuta.

Watoto, picha, tumbo

Watoto wana vitu vya kujaribu kwa mikono ndani, na bata na bembea nje. Wagawie zamu. Picha unaweza kupiga, ila zima flashi, na kwenye maonyesho ya muda uliza kwanza. Dukani bei zimechangamka. Kadi za posta ndizo zinazobeba nakshi kwa gharama ndogo. Mgahawa wa ndani una chai na keki. Mwenye njaa ya kweli arudi kuelekea kituoni, aingie soko la mtaani la Walthamstow, refu ajabu, ambapo ndizi za kupika na mihogo hukosi. Jumapili na Jumatatu hapana soko.

Ukitaka nyumba ya pili

Red House, Bexleyheath, ndiyo nyumba aliyojengewa na Webb mwaka 1859 akiwa ameoa karibuni. Aliishi humo miaka mitano tu. Ni ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, ina kiingilio, na hufunguliwa kwa majira. Nenda kuona dari: nakshi imepigiwa vitobo kwenye plasta ili wachoraji waweze kuirudia.

Kelmscott Manor, mashambani Oxfordshire, aliipanga 1871 pamoja na Rossetti. Bila gari ni mtihani, na wakati wa baridi hufungwa.

Chaguo langu ni Hammersmith, kando ya mto Thames. Kuna Kelmscott House, alikofia, ambapo chama cha wapenzi wa Morris hufungua sehemu ndogo ya chini. Mwendo mfupi kutoka hapo ni nyumba ya Emery Walker, rafiki yake wa uchapaji, 7 Hammersmith Terrace, ambayo karatasi za Morris bado ziko kwenye kuta zilezile zilipobandikwa, na mtu alizikalia, akazivutia moshi, akazimwagia chai. Walker baadaye aligombana na mshirika wake mwingine, Cobden-Sanderson, kuhusu nani arithi herufi zao za kuchapia. Cobden-Sanderson akawa anazibeba usiku, mfuko baada ya mfuko, anazitupa mtoni kutoka daraja la Hammersmith, mpaka zikaisha mwaka 1917. Mwaka 2014 wapiga mbizi waliibuka na vipande 150 hivi. Daraja lipo, unaweza kusimama palepale. Kuingia kwa Walker ni kwa kuongozwa, vikundi vidogo, na nafasi hujaa wiki kadhaa kabla.